Hotuba za Mtandaoni Juu ya Mazingira Zisikikavyo Katika Mwambao wa Tanganyika

Imekuwa desturi sasa katika vyuo vyetu vya theolojia, na hata katika mikutano ya wachungaji, watu kupendekezana hotuba za kusikiliza kwenye intaneti. Anayetafuta somo la Sikukuu ya Mavuno, au la semina ya vijana juu ya upandaji miti, hupewa na mwenzake majina matatu manne ya wasemaji mashuhuri, kisha huketi mbele ya simu yake na kusikiliza. Orodha hizo hufanana mno: Jane Goodall, Wangari Maathai, kijana wa Malawi aliyejenga mtambo wa upepo, Papa Fransisko, na siku hizi Greta Thunberg wa Sweden au Vanessa Nakate wa Uganda. Makala haya yanakusudia kuzipima baadhi ya hotuba hizo kama yapimwavyo mahubiri, yaani kwa kuuliza zinasema na nani, zinamdai nini, na zinampa nini. Tumechagua kuzipima tukiwa tumesimama mahali pamoja, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ujiji na Kigoma mjini hadi Gombe. Kutoka mwambao huo ndiko ilikotoka hotuba iliyo mashuhuri kuliko zote katika orodha, na hapo ndipo wanapoishi watu wengi wanaosemwa ndani yake bila kupata kuisikia.

Twatumia neno hotuba kwa makusudi. Neno mihadhara lingefaa pia, lakini wasomaji wanaokumbuka miaka ya 1980 na 1990 wanajua jinsi neno hilo lilivyobebeshwa mashindano ya dini viwanjani. Katika mji kama Ujiji, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, ni vema kulipumzisha.

Kwanza tuseme machache juu ya umbo. TED ni taasisi ya Marekani iliyoanza kwa mkutano wa mwaka 1984, na tangu 2006 imekuwa ikiweka hotuba zake kwenye intaneti bila malipo. Kanuni yake ni kwamba msemaji asizidi dakika 18, ingawa wapo wanaoruhusiwa kuzidi. Mchungaji wa Kilutheri hana haki ya kuicheka kanuni hiyo. Washarika wetu wangeipokea kwa shangwe. Lakini ipo kanuni ya pili isiyoandikwa, nayo ni kwamba hotuba sharti imalizike kwa tumaini. Msemaji huanza na kisa chake, huonyesha picha ya uharibifu, hutaja takwimu, kisha humgeukia msikilizaji na kumwambia kwamba yeye pia anaweza kufanya jambo. Aliyesoma homiletiki atautambua mara moja mpango wa mahubiri ya uamsho, isipokuwa pale mwishoni, ambapo mwaliko wa kuja mbele umegeuzwa kuwa mwaliko wa kubadili namna ya kununua.

Tuanze na Goodall, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kwetu. Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 huko California, mwenye umri wa miaka 91, akiwa katikati ya ziara ya kuhutubia. Hotuba zake zinazopendekezwa zaidi ni mbili. Ya kwanza aliitoa California mwaka 2002; ya pili aliitoa Arusha mwezi Juni 2007, TED ilipoleta mkutano wake nchini mwetu.

Hotuba ya 2002 yahusu tofauti kati ya mwanadamu na sokwe mtu. Mwanatheolojia aisikilize, walau kwa sababu inavunja nguzo moja mbovu. Mwaka 1960 Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akitumia ujiti kuvua mchwa katika kichuguu, na tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba kutengeneza na kutumia zana ndiko kunakomtenga mwanadamu na wanyama. Waliokuwa wameuweka mfano wa Mungu katika akili ya ufundi walipata taabu. Sisi hatukupaswa kuipata, kwa maana Mwanzo 1 haisemi habari ya zana. Inasema habari ya wito na ya kuwajibika mbele zake aliyeumba. Juu ya hotuba hiyo inatosha.

Ya Arusha ndiyo yenye uzito. Humo Goodall aeleza kazi ya TACARE, mradi ulioanzishwa na taasisi yake mwaka 1994 katika vijiji vilivyo kandokando ya Gombe. Kisa chake chajulikana: mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu ya eneo hilo kwa ndege ndogo, akaona kwamba Hifadhi ya Gombe, yenye kilomita za mraba 52 hivi, imebaki kama kisiwa cha msitu kati ya vilima vilivyo uchi. Akajiuliza itawezekanaje kuwaokoa sokwe ilhali watu wanaowazunguka wanahangaika kupata riziki. Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Watumishi Watanzania walitumwa vijijini kuuliza watu wanahitaji nini, na watu hawakutaja sokwe. Walitaja afya na shule, na maji safi. Vitalu vya miti na hifadhi ya udongo vilikwenda pamoja na zahanati, mikopo midogo kwa akina mama, ufadhili wa masomo kwa wasichana, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi ambayo kwayo vijiji vyenyewe vilitenga misitu yao.

Tunaipendekeza hotuba hii kwa sababu moja kubwa: inasimulia jinsi mtu aliyependa wanyama alivyolazimika kuwasikiliza majirani wa wanyama hao. Mchungaji aliyepangiwa usharika mpya na kufika akiwa na mpango wake mfukoni angefanya vema kuitazama mara mbili.

Hata hivyo, ndege ile yatutia mashaka. Kilima kitazamwacho kutoka angani huonyesha upara wake, lakini historia yake haionekani. Mwambao huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Ulikuwa mwisho wa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, na palipokusanyika watu wengi kuni zilitafutwa karibu. Wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengine baada ya 1993. Tangu 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kanisa letu lilikuwamo katika habari hizo kwa njia ya huduma ya wakimbizi ya TCRS, iliyoanza mwaka 1964. Kila mti uliokatwa kupika uji wa mtoto aliyevuka mpaka usiku unahesabiwa katika picha ya ndege kuwa uharibifu. Ni kweli kwamba hotuba za namna hii hutaja wingi wa watu na wakimbizi, lakini hutaja kama mtu atajavyo mvua, wala haziulizi nani aliyewafukuza watu hao makwao.

Upande wa kusini zaidi, katika milima ya Mahale, Watongwe walikuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa, na Hifadhi ya Mahale ilitangazwa mwaka 1985. Hotuba ya mtu wa aina yao haimo katika orodha yoyote tuliyopewa.

Kuna jambo jingine ambalo umbo la hotuba fupi haliwezi kulibeba. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo watafiti wa kigeni waliondolewa. Daftari hazikufungwa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti Watanzania, watu wa vijiji vya mwambao huo, akina Hilali Matama na wenzake, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona. Goodall aliwashukuru katika vitabu vyake, na tusimdhulumu kwa hilo. Lakini hotuba ya dakika 18 hupenda shujaa mmoja, na msikilizaji huondoka akikumbuka jina moja. Ujiji inaijua hali hii tangu kale. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na dunia ikapata habari kwa sababu Stanley alikuwa ripota wa gazeti la New York Herald. Susi na Chuma, walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873, wanakumbukwa na wachache wanaosoma maelezo ya chini ya kurasa.

Sasa tufikie lile lililotusukuma kuandika. Katika karibu hotuba zote za orodha kuna neno moja dogo linalofanya kazi kubwa, nalo ni "sisi". Sisi tumeiharibu dunia. Sisi tumekula urithi wa watoto wetu. Sisi lazima tubadilike. (Mwandishi wa makala haya naye anasema "sisi", lakini hiyo ni desturi ya kurasa hizi na haimlipishi mtu kitu.) Katika ukumbi wa California neno hilo lina ukweli wake. Lakini je, likisemwa katika mwalo wa Kibirizi au wa Katonga, asubuhi mitumbwi inaporudi na akina mama wamesimama na beseni zao, linasema kweli?

Tutazame ziwa lenyewe. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, na katika sehemu kubwa ya kina hicho hamna hewa ya oksijeni wala samaki. Virutubisho vimelala chini. Uhai wa juu hutegemea upepo, hasa upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, unaoyatikisa maji na kupandisha sehemu ya virutubisho hivyo hadi penye mwanga, ambapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho huvitumia. Wadudu wa majini huila mimea hiyo, dagaa huwala wadudu, na migebuka huwala dagaa. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi, na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi katika karne ya ishirini kwa sababu ya kuongezeka kwa joto na kupungua kwa upepo, na wakakadiria kwamba upungufu huo ungeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Maana yake ni kwamba hata kama mvuvi wa Katonga angalitii kila kanuni tangu siku ya kwanza, wavu wake bado ungalipungukiwa. Joto hilo halikutoka katika karabai yake.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Hatusemi kwamba hatua hiyo haikuwa na busara. Twasema kwamba kwa miezi mitatu gharama ya toba ya dunia ilibebwa na mwenye mtumbwi, na mwajiriwa wake, na mama anayenunua dagaa kwa beseni, anayewaanika na kuwauza ili apate ada ya shule. Hakuna msemaji wa hotuba yoyote tuliyoitazama aliyepoteza mshahara wa miezi mitatu kwa ajili ya samaki.

Hapa theolojia yetu ina jambo la kusema ambalo hotuba hazina. Katika liturujia sisi pia huungama kwa wingi: sote tumetenda dhambi. Lakini "sisi" ya maungamo husemwa mbele ya Mungu, ambako hakuna aliye na deni dogo, na baada yake hufuata mara moja tamko la msamaha. Luther alitufundisha kutofautisha jinsi tulivyo mbele ya Mungu na jinsi tulivyo mbele ya wanadamu. Mbele ya Mungu mwenye kiwanda na mwenye mtumbwi hupiga magoti pamoja. Mbele ya wanadamu madeni yao hayalingani, na haki inataka kila mmoja alipe lake. Hotuba za mazingira huchukua "sisi" ya madhabahuni na kuipeleka sokoni. Kwa kufanya hivyo humsawazisha mkosaji mkubwa na mdogo, kisha, kwa kuwa hazina tamko la msamaha, humpa kila mmoja kazi ya kufanya. Mhubiri akizinakili bila kupima, atamtwika mama wa Kibirizi hatia ya watu asiopata kuwaona, naye atamwondoa kanisani bila ondoleo.

La hasha, hatusemi kwamba mwambao hauna dhambi yake. Kokoro huvutwa usiku na kuzoa samaki wachanga. Vyandarua vilivyotolewa kuwakinga watoto na malaria vimegeuzwa kuwa nyavu. Mito hulimwa hadi kingoni. Moto huwashwa milimani na kuachwa. Hosea 4 yaunganisha uongo, uuaji na wizi wa watu na maombolezo ya nchi, hata kufikia kupotea kwa samaki, na nabii huyo hakuhubiri kwa matajiri peke yao. Mchungaji anayenyamaza juu ya kokoro kwa sababu mwenye kokoro ni mzee wa kanisa hana ruhusa ya kuhubiri juu ya viwanda vya Ulaya. Lakini Sheria ihubiriwe kwa jina na kwa kipimo chake. Ndiyo kazi ya Sheria, kumwonyesha mtu dhambi iliyo yake.

Kwa sababu hiyo twamweka Wangari Maathai juu ya wengine wote katika orodha. Hotuba yake ya Nobel, aliyoitoa Oslo tarehe 10 Desemba 2004, haina picha wala mbwembwe za jukwaani. Anasoma karatasi. Lakini ndani yake "sisi" imegawanywa: kuna lililo la serikali, lililo la wenye viwanda, lililo la raia na la vijana. Aliyezungumza alikuwa mtu aliyejua gharama. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilianza mwaka 1977 na wanawake waliopanda miti kwa mikono yao. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Mwaka 1992 alipigwa hata kuzimia akiwa pamoja na akina mama waliodai kufunguliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa. Akina mama hao wakapata kimbilio katika kanisa kuu la Kianglikana la All Saints, na wengine wakakaa humo kwa miezi mingi. Wachungaji wanaouliza kanisa lifanye nini juu ya mazingira waanzie hapo, kwenye mlango uliofunguliwa na kuachwa wazi. Mwisho wa hotuba akumbuka kijito cha utotoni mwake na mayai ya vyura aliyojaribu kuyaokota kama ushanga. Hatumjui msemaji mwingine aliyetaja hasara kwa udogo kiasi hicho na kuifanya ionekane kubwa.

Bahati mbaya kinachopendekezwa zaidi si hotuba hiyo. Ni kipande cha dakika chache ambamo Maathai asimulia ngano ya ndege mdogo anayebeba matone ya maji kwa mdomo wake kuuzima moto wa msitu, huku wanyama wakubwa wakitazama. Vijana hukipenda kwa kuwa ni rahisi kukiigiza. Twaona ndicho dhaifu kuliko yote aliyoyasema, kwa maana kinaurudisha mzigo kwa kiumbe mdogo kuliko wote na kumsifu kwa kuubeba. Lakini msikilizaji makini atagundua kwamba Maathai hamwachi tembo. Anamtaja, pamoja na mkonga wake mkubwa unaoweza kuleta maji mengi. Mahubiri yangepaswa kumlenga huyo tembo. Katika maigizo, tembo huwa wa kuchekesha tu.

Tuwapitie wengine kwa haraka. William Kamkwamba alizungumza katika mkutano uleule wa Arusha wa 2007, akiwa na umri wa miaka 19, kwa dakika chache tu na kwa Kiingereza cha kubahatisha, juu ya mtambo wa upepo aliojenga kwa vyuma chakavu baada ya njaa kumtoa shule. Ni hotuba fupi kuliko zote, nayo haimwagizi mtu kitu. Papa Fransisko, katika hotuba yake ya mtandaoni ya Oktoba 2020, aliita watu kwenye elimu, kwenye maji na chakula kwa wote, na kwenye mabadiliko ya nishati. Ni maneno mema, ila tulitamani asikike zaidi kama mhubiri, maana aliwahutubia watu wote na kwa hiyo akayaweka Maandiko kando. Aliyesoma waraka wake wa 2015 hatakosa kitu akiiruka. Allan Savory wa Zimbabwe tunamtahadharisha msomaji juu yake. Hotuba yake ya 2013, inayodai kwamba makundi makubwa ya mifugo yakichungwa kwa mpango yanaweza kurudisha majani jangwani na hata kutengeneza hali ya hewa, ni stadi mno, na wataalamu wengi wa nyanda za malisho wameyapinga madai yake. Katika hotuba hiyohiyo akiri kwamba ujanani alishauri kuuawa kwa tembo wapatao 40,000, na kwamba ushauri huo ulikuwa wa makosa. Ungamo hilo humfanya aaminike. Na kuaminika si ushahidi. Katika mikoa yetu ya magharibi, ambako wafugaji na wakulima wamekwisha kugombana, mchungaji asiipeleke hotuba hiyo kijijini kama hoja iliyokwisha kuthibitika.

Limebaki suala la tumaini. Goodall katika miaka yake ya mwisho alizoea kutaja sababu nne za tumaini: akili ya mwanadamu, uwezo wa viumbe kujirudishia uhai, nguvu za vijana, na roho ya mwanadamu isiyoshindwa. Wanafunzi wetu huzinakili kama zilivyo, pengine wakiongeza aya ya Biblia mwishoni. Yafaa waone kwamba tatu kati ya hizo nne ni sifa za mwanadamu, yaani za huyohuyo aliyeshitakiwa katika nusu ya kwanza ya hotuba. Hapa ndipo Injili inapotofautiana. Katika Warumi 8 uumbaji haungoji akili yetu. Unangoja kufunuliwa kwa wana wa Mungu, na tumaini hilo lina msingi katika Kristo aliyefufuka. Joseph Sittler, Mlutheri wa Marekani, alilisema jambo hili mbele ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko New Delhi mwaka 1961, akianzia Wakolosai 1: ukombozi hauwezi kuwa mwembamba kuliko uumbaji. Hotuba yake ilichapishwa. Ni ngumu, haina picha, nasi twaipendekeza kuliko nyingi zilizotajwa hapo juu. Miaka 56 baadaye, Windhoek 2017, Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilitamka kwamba uumbaji hauuzwi, na ni haki kuuliza ni sharika ngapi zetu zimelipima tamko hilo dhidi ya mikataba ya ardhi zao wenyewe.

Tungeomba pia wahubiri waupumzishe ule usemi wa mti wa tofaa utakaopandwa leo hata kama dunia itakwisha kesho. Wataalamu wameutafuta katika maandiko ya Luther wasiuone. Ushahidi wa kwanza ujulikanao ni barua ya mwaka 1944 huko Ujerumani. Tunaye mtu wa karibu zaidi wa kumtaja. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana kwa jina la Askofu wa Miti kwa sababu ya kazi ya kupanda miti Kilimanjaro, na miti ile inaweza kuguswa.

Kwa ajili ya mafundisho twashauri hivi. Hotuba ya Arusha ya 2007 na ya Oslo ya 2004 zitazamwe pamoja, kwa siku mbili tofauti, na mwanafunzi aandike kila mahali neno "sisi" linapotokea na nani anayekusudiwa. Kisha asome Hosea 4 na maelezo ya Kanuni ya Kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, ambamo Luther anaanza na kilichopewa kabla ya kufika kwenye kinachodaiwa. Hotuba zote mbili ni za Kiingereza. Kwa hiyo wanaofanya mazoezi ya huduma katika sharika za Kigoma wazitafsiri kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, mbele ya watu wa mwaloni, Wakristo na Waislamu pamoja. Waislamu wanalo fundisho lao la mwanadamu kuwa khalifa duniani, na mazungumzo yatapata kina kwa kuwapo kwao. Baada ya kutafsiri, wanyamaze, wavuvi wajibu, na majibu yao yarekodiwe kwa Kiswahili au kwa Kiha. Rekodi za namna hiyo ndizo zinazokosekana katika orodha.

Kama uvuvi utasimamishwa tena, wakati wa kufaa ni miezi hiyohiyo, mitumbwi ikiwa imevutwa mchangani na watu wana nafasi ya kukaa. Mchungaji atakayekwenda awe amekwisha kuzungumza na wazee juu ya mfuko wa diakonia wa usharika, maana swali la kwanza atakaloulizwa huenda likawa la unga.